Damu Iliyochelewa Kusema

Wauguzi walimwita Daktari Kimeng'enya, tena mbele ya uso wake, na yeye hakuona ubaya. Kwa miaka mingi hakuwa na mazungumzo mengine. Ukikutana naye kwenye korido ukamsalimu, atakuitikia vizuri, atakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kusema "wazima" ameshafika kwenye kimeng'enya chake. Ni kitu kidogo mno, angekwambia, kinaishi ndani ya chembe za mwili na kufanya kazi yake kimyakimya. Chembe ikiumia, kinavuja na kuingia kwenye damu. Basi ukikipima, utamjua nani ameanza kupata sepsisi, yale maradhi ambamo mwili hupigana na vijidudu kwa hasira hadi ukaanza kujipiga wenyewe: presha inaporomoka, figo zinagoma, na mtu aliyeingia hospitali na kidonda anatoka amebebwa.

"Kitakwambia mapema," alikuwa akisisitiza, kidole juu. "Kabla ya daktari yeyote kuona lolote."

Hayo maneno ya mwisho yalimlenga mdogo wake wa kike, na wote wawili walijua. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mkuu wa wodi ya wagonjwa mahututi katika hospitali hiyohiyo, ghorofa mbili juu ya maabara ya kaka yake. Watu walimwita Mama Wodi. Alisomea udaktari kwa sababu kaka yake alisomea udaktari, akavaa makoti yake aliyoyaacha, akatumia vitabu vyake vilivyojaa mistari ya kalamu nyekundu. Lakini walipofika njia panda, kaka alielekea kwenye mashine na yeye akaelekea kwa wagonjwa. Kazi yake aliifanya kwa macho. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono mifukoni, akimwangalia mgonjwa jinsi mtu anavyoangalia maziwa yaliyo jikoni. Kisha angesema, "Huyu simpendi," na wauguzi wangekimbilia dripu na dawa bila kungoja maelezo.

"Hiyo siyo tiba," kaka yake alikuwa akimwambia. "Hiyo ni ramli."

"Basi leta kipimo chako, kaka," mdogo wake angemjibu. "Kilete hata leo."

Kaka aliyasikia maneno hayo kama kebehi, akaenda zake akiwa amevimba.

Lakini hata aliyevimba hufika siku yake, na siku ya Daktari Kimeng'enya ilikuwa inakaribia. Kongamano kubwa la wataalamu wa maradhi ya maambukizi lilikuwa linafanyika katika ukumbi wa chuo cha udaktari, na yeye alipewa nafasi ya kuzungumza asubuhi, wakati watu bado wako macho. Chati zake zilikuwa safi. Katika wagonjwa wake, wale ambao kimeng'enya kilipanda ndio walioelekea kubaya, na wale ambao hakikupanda walikwenda nyumbani. Hata mtakwimu, mtu asiyesifu kitu, alisema, "Inapendeza."

Alinunua suti. Kisha akanunua viatu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Saizi yake ilikuwa imekwisha. Muuzaji alimletea jozi ndogo kidogo, vyeusi, vya kung'aa, vyenye ncha ndefu mbele, akaapa kwa kila alichokiamini kwamba ngozi itaachia. Mtu aliyetumia maisha yake akidai ushahidi kwa kila neno alimwamini muuzaji wa viatu papo hapo.

Ngozi iliyoachia ilikuwa ya kisigino chake. Alivivaa nyumbani ili avizoee, akizunguka sebuleni huku akijifunza hotuba, na lengelenge likatoka, likapasuka, likatoka jingine juu ya lile. Mkewe, mwalimu wa jiografia aliyezoea kusema mara moja na kueleweka, alimwona akichechemea.

"Mguu umevimba huo."

"Umechoka tu."

"Na jana ulitetemeka kitandani hadi godoro likanitetemesha na mimi."

"Baridi. Isitoshe, nimejipima."

"Umepima mguu?"

"Nimepima damu. Kimeng'enya kiko chini kabisa. Maji shwari." Alisema hivyo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha cheti. "Ingekuwa sepsisi, ningekuwa wa kwanza kujua."

"Mume wangu," mkewe alisema, "mimi sijasema sepsisi. Mimi nimesema mguu."

Siku ya kongamano aliamka hana hamu ya chai, mdomo umekauka, kichwa kinavuma. Akajiambia ni wasiwasi wa jukwaani. Alipitia maabara kwanza, akajitoa damu mwenyewe, akaiweka kwenye mashine, akangoja huku ameegemea ukuta kwa sababu chumba kilikuwa kimeanza kuyumba. Majibu yalitoka: kawaida. Akafarijika sana. Akaukaza mguu ndani ya kiatu, machozi yakamlengalenga, akaenda.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mama Wodi alikaa safu ya tatu, kwa kuwa wagonjwa wote wa utafiti walitoka kwake, na jina lake lilikuwa kwenye slaidi ya kwanza, la mwisho kabisa, kwa herufi ndogo. Kaka yake alipanda jukwaani akishikilia kingo za meza. Alianza vizuri. Alieleza wagonjwa wangapi hufa, akaeleza kwa nini hufa. Kisha akafika kwenye dalili.

"Mgonjwa... huanza kuhema," alisema, akahema. "Pumzi... zinakuwa fupi. Fupi na za haraka." Akanyamaza avute hewa. "Ngozi hupoa. Jasho... linatoka." Akatoa kitambaa, akafuta paji la uso, kitambaa kikalowa. "Na akili... akili huanza..."

Akatazama ukumbi mzima kama anayejiuliza watu hawa wamefuata nini nyumbani kwake.

"Huchanganyikiwa," akamalizia. Kisha akamgeukia mwenyekiti wa kikao, mzee wa makamo mwenye upara na miwani, akainama kwa heshima. "Shikamoo, mama mkwe."

Ukumbi uliangua kicheko. Watu walipiga makofi. Wataalamu waliokuja kutoka mbali walitikisana mabega: ndio ufundishaji huo, siyo kutusomea slaidi! Profesa mmoja aliyekaa nyuma ya Mama Wodi alisema kwa furaha, "Sikujua kama huyu bwana anachekesha."

Mama Wodi hakucheka, maana yeye alikuwa na habari ambayo ukumbi haukuwa nayo. Kaka yake hakuwahi kufanya mzaha tangu azaliwe. Walipokuwa wadogo, ukimtania alikuomba ufafanuzi. Mtu yule hakuwa na uwezo wa kuigiza hata usingizi. Akaacha kusikiliza maneno, akamwangalia, kama anavyowaangalia wengine: mabega yanayopanda na kushuka, midomo, vidole vilivyong'ang'ania meza. Kisha akasimama, akawapita watu magotini, akapanda jukwaani.

Kaka yake alimwona, akanyoosha kitochi cha mwanga mwekundu cha kuonyeshea chati, akimmulika kifuani.

"Mwenyekiti, muda wa maswali bado."

"Sina swali, kaka. Shuka tuondoke."

"Ni wivu," alielezea ukumbi kupitia kipaza sauti. "Tangu utotoni."

Makofi tena. Mama Wodi alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa. Akabonyeza ukucha wa kidole gumba hadi ukapauka, akauachia, akangoja damu irudi. Haikuwa na haraka.

"Nimejipima leo asubuhi," kaka yake alimnong'oneza, kipaza sauti bado kiko wazi. "Kiko kawaida. Nina ushahidi."

"Najua."

"Kwa hiyo siumwi."

"Najua, kaka. Njoo uketi."

Hakuketi, alianguka, na akamwangukia yeye. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Walimvua kiatu palepale jukwaani na harufu ikafika safu ya kwanza. Mguu ulikuwa umevimba hadi juu ya kifundo, ngozi imetanuka inang'aa, na kile kisigino kilikuwa kimechimbika kikawa cha rangi isiyosemeka. Mwenyekiti alipaza sauti akiomba kipimajoto. Watu walipekua mifuko na mikoba. Ukumbi mzima wa mabingwa wa maambukizi, kila mmoja na mkoba wa kongamano wenye kalamu, kitabu cha ratiba na chupa ya maji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kipimajoto.

Walimpakia kwenye gari, wakampandisha hadi wodi ya mahututi, kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa akizinduka na kupotea, na kila akizinduka alibishana.

"Msinitundikie dawa. Subirini majibu."

"Imeshatundikwa," alisema mdogo wake.

"Bila ushahidi?"

"Ukipona utanishtaki. Nitakuja mahakamani mwenyewe."

Baada ya hapo hakubishana tena, na hilo lilimtisha Mama Wodi kuliko presha iliyokuwa ikishuka mbele ya macho yake. Walimmiminia maji, wakamwongezea dawa ya kuinua presha, wakamvisha barakoa ya oksijeni. Daktari wa upasuaji alikisafisha kile kisigino na kuondoa nyama iliyooza. Mkojo ulipungua ukawa matone. Mkewe alifika na vumbi la chaki kwenye kiganja, akasimama mlangoni.

"Wifi," alisema, "niambie ukweli."

"Ni mgonjwa sana, wifi. Nimeanza dawa mapema kiasi. Sijui kama ni mapema ya kutosha."

"Alisema amejipima."

"Ndiyo. Alijipima."

Wakatazamana.

Hapo akaingia mtafiti msaidizi, mwanamama mpole aliyefundishwa kazi na Daktari Kimeng'enya mwenyewe, ameshika fomu, uso umemwiva kwa aibu. Utaratibu ulikuwa wazi na aliyeuandika alikuwa amelala pale: kila anayeingia na sepsisi, ndugu yake aombwe ridhaa, damu ichukuliwe.

"Samahani sana, mama," alimwambia mke. "Nikiacha, yeye mwenyewe akiamka atanifukuza kazi."

"Miaka yote hii mume wangu anachukua damu za watu," alisema mke, akafikia kalamu. "Haya. Mchukueni na yake."

Walichukua siku hiyo, majibu yakatoka kawaida. Wakachukua kesho yake, figo zimelala, mashine zinapiga kelele, mke ameshika tama pembeni ya kitanda. Majibu yakatoka kawaida. Kwa mujibu wa kimeng'enya, aliyelala pale alikuwa mzima wa afya, tena ungeweza kumwita kucheza mpira.

Kisha, polepole, dawa zikafanya kazi. Presha ikasimama yenyewe. Mkojo ukarudi, na muuguzi aliyeuona kwenye mfuko akaushangilia kama bao. Barakoa ikatolewa. Asubuhi moja aliomba chai, akaletewa, akaionja, akauliza nani amesahau sukari, na mkewe akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda akalia kwa furaha ya kusikia mtu akilalamika.

Ndipo mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Mtafiti msaidizi alikuwa amepanda ngazi zote mbio, karatasi mkononi.

"Mama Wodi! Kimepanda! Kimepanda kupita kiasi! Yuko hatarini!"

Wote wakamgeukia mgonjwa. Alikuwa amekaa, mto mgongoni, kikombe mkononi.

"Nani yuko hatarini?" aliuliza.

Alinyoosha mkono, akapokea karatasi, akaisoma, akairudia. Wauguzi waliokuwa wakijifanya wanapanga chupa waliona kitu ambacho hakijawahi kuonekana: Daktari Kimeng'enya hana la kusema.

Aliyemletea njia ya kutokea alikuwa mtakwimu, aliyekuja kumjulia hali na mfuko wa matunda. Alisogeza kiti karibu, akateremsha sauti.

"Usijali kabisa. Kanuni zetu wenyewe zinasema mtafiti hawezi kuwa mgonjwa wa utafiti wake. Majibu ya damu yako yameondolewa kwenye utafiti. Chati imebaki safi vilevile."

"Ni halali?"

"Halali tupu. Kamati ya maadili yenyewe ndiyo iliyodai."

Moyo wa Daktari Kimeng'enya ulitua. Alilala vizuri mchana ule. Lakini kitandani hakuna kazi, na mtu asiye na kazi huwaza. Siku zilizofuata alikuwa akitazama wagonjwa wanavyoingizwa, maana kwa mara ya kwanza alikuwa anaiona wodi kutoka chini, akiwa amelala. Aliona mgonjwa analetwa, watu wanamkimbilia: huyu anatafuta mshipa, huyu anafunga mashine, huyu anaita daktari wa zamu. Na alimwona msaidizi wake amesimama kando na chupa zake ndogo, akingoja kwa adabu purukushani itulie. Mara nyingine ilitulia baada ya muda mrefu. Mara nyingine alikata tamaa akarudi kesho yake.

Alimwita.

"Wale wagonjwa wetu wote," alimuuliza, "damu zao ulikuwa unachukua lini hasa?"

"Tulipopata nafasi, daktari. Uliandika ndani ya siku mbili za mwanzo."

"Si wakiingia?"

"Wakiingia haiwezekani. Watu wanahangaika kuwaokoa."

Alifumba macho. Basi ndivyo ilivyokuwa. Kile kimeng'enya hakikutabiri chochote. Kilingoja mtu aumie, chembe zipasuke, viungo vichoke, kisha kikajitokeza kutangaza habari ambazo muuguzi, ndugu na hata mfagiaji walikuwa wameshazijua. Aliwapima watu walioletwa wamechelewa, wakiwa wamekwisha kufika ukingoni, akajisifu kwamba ameuona ukingo.

Mdogo wake alipopita jioni, kaka alimwambia yote, bila kupunguza neno. Alimwambia ataiondoa makala ya utafiti huo, aliyokuwa ameshaipeleka jaridani, kabla haijachapishwa. Kisha akakaa akingoja. Alikuwa ameshajiandaa kusikia "nilikuambia," alikuwa hata ameshapanga sura ya kuipokelea.

Mama Wodi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alionekana mchovu, mzee kuliko umri wake.

"Basi hakifanyi kazi," alisema.

"Hakifanyi."

"Kabisa?"

"Pengine kingefaa kwa jambo jingine. Kwa hili, hapana." Akamtazama. "Mbona unahuzunika? Si umeshinda?"

"Nimeshinda nini, kaka?" Sauti yake ilikwaruza. "Unadhani napenda kukisia? Nasimama pale, namwangalia mtu, nasema simpendi, na watu wananiamini kama vile nina kioo cha kuonea mambo. Wiki iliyopita, wewe umelala hapa hujitambui, nilimwangalia dada mmoja aliyetoka kujifungua nikampenda. Nikasema huyu yuko sawa. Alifariki kabla sijamaliza zamu." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Kila siku nilikuwa nakwambia kilete. Nilikuwa nakuomba."

Miaka yote hiyo kaka yake alikuwa na muumini mmoja wa kweli, tena wa damu yake, na alimchukulia kuwa ndiye mpinzani mkuu. Alimshika mkono. Hakuwa hodari wa mambo hayo. Aliushika kama mtu anayetafuta mapigo.

Makala ile aliiondoa. Akaandika nyingine, fupi, isiyo na chati hata moja ya kupendeza, akieleza jinsi walivyopima kwa kuchelewa na wakajidanganya. Ile ya kwanza, aliyoihangaikia miaka yote, haikusomwa na mtu. Hii ya pili ilisambaa. Alialikwa kwenye makongamano kuliko wakati wowote wa maisha yake, na kote walikomwalika hawakutaka kusikia habari za vimeng'enya. Walitaka habari za kiatu. Kuna waliouliza kama anaweza kuja nacho.

Utafiti alianza upya, safari hii kwa vimeng'enya vingi vikipimwa kwa pamoja, na damu ikichukuliwa mlangoni, mgonjwa bado yuko kwenye machela. Alimfundisha msaidizi wake kujipenyeza katikati ya purukushani bila kumkwaza mtu. Matokeo ya mwanzo hayakupendeza wala hayakuchukiza. Mtakwimu alisema, "Tungoje," naye akashangaa kuona kwamba anaweza kungoja.

Na kwa kuwa mguu haukumruhusu kusimama maabara kutwa nzima, mdogo wake alimpa kazi nyingine mara moja kwa wiki: kuzungumza na ndugu za wagonjwa. Mwanzoni aliwachosha kwa maelezo. Baadaye alijifunza kuketi kwanza.

Mama mmoja, mwanawe amelazwa hoi, alimsikiliza hadi mwisho akiwa amekunja kanga mapajani, kisha akamuuliza swali lake.

"Daktari, wewe umewahi kumwona mtu aliyefika hali hii akatoka humu anatembea?"

"Nimemwona mmoja kwa karibu sana, mama."

"Alikuwa na nguvu?"

"Hapana. Alikuwa mbishi tu."

"Ubishi ulimsaidia?"

Daktari alifikiri kwa uaminifu, kwa sababu hakujua kujibu kwa namna nyingine.

"Wake, hapana," alisema. "Ulimsaidia ule wa mdogo wake."

Yule mama akamtazama, asijue kama anataniwa. Kisha akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu afike, akaomba aruhusiwe kuingia kumwona mwanawe.